Unyevu Uwekwe Juu: Historia ya Onyo, Kutoka Pakiti ya Sigara Hadi Kikopo cha Piko



Siku chache baada ya Idi tuliletewa picha ya mikono miwili. Maua ya piko yaliyochorwa juzi yake yalikuwa yamefura, kila jani limegeuka lengelenge. Mwenye mikono hiyo alikuwa bibi harusi, na aliolewa kavaa glovu nyeupe kwenye joto la ukumbi. Tulimuuliza piko ile ilikuwa ya aina gani. Hakujua. Alipofika kwa mchoraji aliikuta imeshakorogwa kwenye kikombe cha kahawa. Mchoraji mwenyewe, mama mwema asiye na nia mbaya na mtu, alisema ilikuwa "piko tu, ile ya siku zote." Tulipomuomba atuoneshe ilikotoka, akaleta kiboksi cha rangi ya nywele. Ubavuni mwa kiboksi, kwa herufi ndogo za Kiingereza, palikuwa na onyo: rangi hii inaweza kudhuru ngozi, ijaribiwe kwanza, isipakwe kwenye nyusi wala kope.

Onyo lilikuwepo, basi. Lakini lilibaki kabatini kwa mchoraji, na bibi harusi akapata kilichomo bila maneno yake.

Maneno yale ya ubavuni yana historia ndefu, na historia hiyo ni jamaa ya karibu ya maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti ya sigara. Tumeona tuisimulie leo, kwa sababu anayedhani onyo ni urembo wa boksi hulipita tu. Anayejua limetoka wapi huvaa miwani akalisoma, na hujua pia pale ambapo kulisoma peke yake hakutoshi.

Rundo la nafaka sokoni

Tuanzie kwetu. Wengi wetu tumesimuliwa madrasa kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akawaonya wanaoghushi.

Tazama alichotakiwa muuzaji yule. Hakuambiwa aitupe nafaka. Aliambiwa aibu ya bidhaa ikae juu, mahali ambapo jicho la mnunuzi linafika kabla ya mkono wake kutoa pesa. Baadaye miji ya Kiislamu ikawa na muhtasib, mkaguzi wa soko, na vitabu vya kazi yake vya karne za kati vina milango ya wauza dawa, wapika sharubati na wauza manukato, na hila zao moja moja. Kumlinda mnunuzi si jambo la wazungu lililotufikia juzi. Lakini onyo lililochapwa tunalolifuata leo, lile lenye amri ya serikali nyuma yake, ni la Marekani, na lilizaliwa kwa misiba.

Kope za wanawake na chupa ya dawa

Mwaka 1906 Marekani ilitunga sheria ya vyakula na dawa. Vipodozi havikuguswa. Mtu aliweza kutengeneza chochote, akakiita urembo, akakiuza.

Mwaka 1933 ikawa inauzwa rangi ya kope na nyusi iitwayo Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya jamii ya parafenilinidiamini, ambayo wataalamu huifupisha PPD. Wanawake waliopakwa wakavimba nyuso, macho yakatoka vidonda. Mmoja wao akapofuka, mwingine akafariki. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilijua yote hayo na haikuwa na uwezo wa kuiondoa rangi ile sokoni, kwa sababu sheria haikuijua. Wafanyakazi wake wakafanya walichoweza: wakakusanya picha za bidhaa mbaya na walioumizwa nazo, zikiwemo picha za mwanamke mmoja kabla na baada ya kupaka Lash Lure, wakaziweka kwenye maonesho. Waandishi wa habari wakayaita maonesho hayo Chumba cha Kutisha.

Hata hivyo Bunge lilisitasita miaka mitano, mpaka ukaja msiba mkubwa zaidi. Mwaka 1937 kampuni ya S.E. Massengill ya Bristol, Tennessee, ilitaka kuuza dawa ya salfa katika hali ya maji. Mkemia wake akaiyeyusha kwa daietilini glaikoli, kimiminika kitamu ambacho ni sumu. Kampuni ilipima ladha, harufu na rangi. Hakuna aliyepima kama kinaua. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto waliopewa na mama zao kwa koo linalouma tu.

Wakaguzi wa serikali walihangaika nchi nzima kuzikusanya chupa zilizobaki. Na unajua walipata wapi haki ya kuzikamata? Katika jina. Dawa iliitwa "eliksiri," na neno hilo lilimaanisha dawa yenye pombe, nayo haikuwa na pombe. Kwa hiyo kosa lililopatikana mbele ya sheria lilikuwa kudanganya kwenye lebo. Kuuza sumu, kwa sheria ya wakati ule, hakukuwa kosa.

Tarehe 25 Juni 1938 Rais Roosevelt alitia saini sheria mpya. Tangu hapo dawa mpya ilibidi ioneshwe kuwa ni salama kabla ya kuuzwa, na vipodozi vikaingia chini ya sheria kwa mara ya kwanza. Wala tusiione sumu ile kama hadithi ya kale. Mwaka 2022 huko Gambia, nchi ya ndugu zetu Waislamu, watoto zaidi ya 60 walifariki kwa sababu iliyohusishwa na dawa za maji za kikohozi, na vipimo vya Shirika la Afya Duniani vilikuta ndani yake daietilini glaikoli ile ile.

Sasa tusikilizane hapa, maana ndipo kilipozaliwa kiboksi cha mchoraji wetu. Sheria ya 1938 iliweka mlango mmoja wazi. Rangi za nywele zinazotokana na lami ya makaa ya mawe, PPD ikiwa mojawapo, ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa hata kama zinadhuru, kwa sharti moja: ziwe na onyo kwamba zinaweza kudhuru ngozi, zijaribiwe kwanza, na zisitumike kwenye kope na nyusi kwa sababu zinaweza kupofusha. Yalikuwa ni mapatano. Kinachodhuru kiuzwe, ilimradi kiseme. Aliyesoma akapona, kheri yake. Ambaye hakusoma, lawama zimehama: zimetoka kwa muuzaji zikamkalia mnunuzi.

Sigara yapata maneno

Sigara ilipita katikati ya sheria hizo zote. Haikuhesabiwa chakula, haikuhesabiwa dawa, wala haikuwa kipodozi. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa hospitali za London ulioihusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka ule ule Marekani nako Ernst Wynder na Evarts Graham wakatoa matokeo yanayofanana na hayo. Januari 1954 makampuni ya tumbaku yalijibu kwa tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400, yakiahidi kwamba afya ya watu ndiyo wanayoijali kwanza na kwamba yatagharamia utafiti. Wakati huo huo mauzo yaliendelea.

Jumamosi ya tarehe 11 Januari 1964, Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Dk. Luther Terry, alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Ushahidi kwa wanawake, ilisema, unaelekea huko huko. Siku ilichaguliwa kwa makusudi: Jumamosi soko la hisa limefungwa.

Tume ya biashara ya serikali ikataka pakiti na matangazo yote yataje kifo na saratani kwa majina. Ikaingia siasa. Bunge likapitisha sheria yake mwaka 1965, na kuanzia tarehe 1 Januari 1966 kila pakiti ikawa na maneno machache ubavuni: tahadhari, uvutaji wa sigara unaweza kuwa na hatari kwa afya yako. Unaweza. Neno kifo halikuwemo. Neno saratani halikuwemo. Matangazo yakaachwa bila onyo, na sheria hiyo hiyo ikazuia mamlaka nyingine zisidai maneno makali zaidi kwenye pakiti.

Unyevu uliwekwa juu, ndiyo, lakini ukafunikwa kwa khanga nyepesi.

Onyo likaongezwa makali kidogo kidogo. Kwa sheria ya 1970 "unaweza kuwa na hatari" ikawa "ni hatari," na tangu tarehe 2 Januari 1971 matangazo ya sigara yakaondoka kwenye televisheni na redio za Marekani. Sheria ya 1984 ikaleta maonyo manne ya kupokezana, moja likimtaja mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Wauzaji nao hawakulala. Mwaka 1968, miaka miwili tu baada ya onyo la kwanza, Philip Morris ilileta Virginia Slims, sigara nyembamba iliyotengenezwa na kutangazwa kwa ajili ya wanawake.

Rose na ngao ya karatasi

Kuna mwanamke mmoja tunataka mumjue. Aliitwa Rose Cipollone, wa New Jersey. Alianza kuvuta mwaka 1942, akiwa binti wa miaka 16. Mwaka 1955 alibadilisha aina, akachukua yenye kichujio, akiamini ni salama zaidi kama matangazo yalivyompa kuamini. Alipopata saratani ya mapafu alizishitaki kampuni, na mwaka 1984 akafariki kesi ikiendelea. Mumewe akaendelea nayo. Mwaka 1988 baraza la mahakama lilimpa mumewe dola 400,000, jambo ambalo halijapata kutokea kwenye kesi za sigara.

Kampuni zikakata rufaa, na moja ya ngao zao ilikuwa lile onyo lenyewe. Walisema serikali imeshaamua maneno ya kuandikwa, nasi tumeyaandika, basi asitudai mtu kwamba hatukuonya vya kutosha. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana nao kwa sehemu: madai ya kutoonya vya kutosha kwenye matangazo ya baada ya 1969 yalifungwa, ingawa madai mengine, kama ya udanganyifu, yaliachwa wazi. Familia ikachoka, ikaiacha kesi.

Maneno yaliyoandikwa kumlinda Rose yakawa ukuta kati yake na haki yake. Hatusemi hili ili mdharau maonyo. Tunasema ili mjue kwamba karatasi ile ina pande mbili. Upande mmoja unazungumza na wewe. Upande wa pili unazungumza na hakimu, kwa niaba ya muuzaji.

"Afya yako," ya nani?

Jambo jingine kuhusu maneno yale: yanasema afya yako. Anayeambiwa ni aliyeshika pakiti. Je, mke wake?

Mwaka 1981 daktari wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo yaliyowaudhi sana wauza tumbaku. Aliwafuatilia wanawake 91,540 walioolewa, wenye miaka 40 na zaidi, ambao wenyewe hawavuti. Baada ya miaka 14 ilionekana kwamba waliolala nyumba moja na mume mvutaji mkubwa walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu takriban mara mbili ya wale ambao waume zao hawavuti. Kampuni zilimpinga kwa kila njia. Mwaka 1986 Mganga Mkuu wa Marekani naye akathibitisha kwamba moshi wa mwenzio unakudhuru.

Wanawake wale hawakununua sigara hata moja. Hakuna pakiti iliyowahi kuwaambia neno.

Kwa hiyo, bibi harusi wetu, unapouliza habari za mchumba, tabia yake, sala yake, kazi yake, si utovu wa adabu kumwambia walii wako au shangazi aulize na hili: anavuta? Na kama anavuta, anavutia wapi? Chumba utakachokipamba kwa asumini na udi ndicho utakachobebea mimba ndani yake.

Picha, kisha lugha

Ilichukua miaka mingi dunia kukubali kwamba herufi ndogo za ubavuni hazitoshi. Mwaka 2001 Kanada ikawa ya kwanza kulazimisha picha kwenye pakiti, nusu ya mbele na nusu ya nyuma: mapafu yaliyooza, mdomo wenye vidonda. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku uliopitishwa 2003 na kuanza kazi 2005 ukaweka kipimo: onyo lichukue nusu ya uso wa pakiti au zaidi, lisipungue asilimia 30 kwa vyovyote, na liandikwe kwa lugha kuu ya nchi. Tanzania Bara ilitunga sheria yake ya bidhaa za tumbaku mwaka huo huo wa 2003, na Jamhuri ya Muungano ikauridhia mkataba mwaka 2007. Mwaka 2012 Australia ikaenda mbali zaidi: pakiti zote rangi moja mbaya, hakuna nembo, onyo tu.

Shikeni hilo la lugha. Onyo lisilosomeka na anayeumia ni nafaka iliyolowa iliyofukiwa chini kabisa ya rundo. Yule bibi harusi wetu, hata kama angekiona kiboksi, angekutana na Kiingereza cha herufi za chungu.

Mojamoja, na kikombe cha kahawa

Sasa turudi mitaani kwetu. Kijana anakwenda dukani, anatoa sarafu, anapewa sigara moja, anawasha kwa kibiriti cha muuzaji. Pakiti yenye onyo haijatoka kwenye rafu. Miaka yote ile ya mabunge, mahakama na madaktari, na onyo limeishia mikononi mwa mwenye duka.

Shisha ni hivyo hivyo. Msichana anayekwambia "hii ni matunda tu" haoni kasha la tumbaku lililofunguliwa jikoni. Anaona bomba lenye ushanga na harufu ya tufaha.

Na piko ndiyo kabisa. Kiboksi kimetengenezwa kwa nywele, kina onyo la nywele, kinamiminwa kikombeni, kinapakwa juu ya ngozi kwa saa nzima, kisha kinaitwa jina jingine. Ulaya PPD inaruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kiwango kilichowekewa mpaka, na hairuhusiwi kuchorewa ngozi. Sudan, ambako wanawake waliizoea kuichanganya na hina ili iwe nyeusi, madaktari wameandika juu ya sumu yake kwa miaka mingi.

Hatumlaumu mchoraji wetu. Naye amepokea kikombe kutoka kwa aliyemfundisha. Lakini mtu akishajua, hukumu yake inabadilika.

Tufanye nini basi?

Hina ya kweli, majani ya mhina yaliyosagwa, huacha rangi ya chungwa kwanza, ikakolea kuwa nyekundu au kahawia baada ya siku moja au mbili. Haiwi nyeusi tititi ndani ya saa moja. Ikiwa hivyo, pana kitu ndani yake.

Kabla hujanyoosha mkono, sema kwa upole: "Bi mkubwa, naomba nione kilimotoka." Fundi mwaminifu hachukii. Ukioneshwa boksi la rangi ya nywele, mwambie akuchoree kwa hina. Kwa nywele zako zenyewe, fanya lile jaribio linaloandikwa kwenye boksi, siku mbili kabla, si asubuhi ya harusi. Ikiwa piko ilishawahi kukuwasha hata utotoni, usijaribu tena wala usipake rangi ya nywele yenye PPD, maana mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Malengelenge yakitokea, nenda hospitali, usipake dawa ya meno. Na utoe taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Maonesho yale ya 1933 yalijaa picha kwa sababu walioumia hawakunyamaza.

Nyinyi wachoraji mnaotusoma, na tunajua mpo wengi: wekeni kiboksi juu ya meza. Someni maneno yake kwa Kiswahili mbele ya mteja. Mtapoteza wawili watatu wanaotaka weusi wa haraka. Mtapata wale ambao mama zao watawaombea dua.

Yule bibi harusi amepona, alhamdulillah. Makovu yamebaki mepesi, na ukiyatazama kwenye mwanga unaona bado umbo la ua. Alituruhusu kukiandika kisa chake kwa sharti moja, tusimtaje mchoraji. Wiki iliyopita alimsindikiza mdogo wake kuchorwa. Kabla hata hawajakaa, aliomba aletewe boksi.

Allah atupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na azijaalie harusi zenu baraka na salama. Amin.